Chai ya Saa Nne

Wifi yangu Mwanakheri ni mtu wa kusema "haya" hata pale anapopaswa kusema "wewe nani". Kwa miaka kumi na minane, tangu aolewe na kaka yangu Talib, nilimhesabu kuwa mtu aliyepungukiwa na kitu kifuani. Mimi Kidawa sijapungukiwa. Nauza vipuri vya majiko ya gesi pale sokoni Darajani, na mteja akinipandishia sauti nampandishia yangu mpaka wauza samaki wanageuka. Kwa hiyo kaka yangu alipodhulumiwa, mimi ndiye niliyeapa kuwa mtu atanitambua. Nilipiga kelele wiki nzima na hakuna aliyenitambua. Waliomtambua, walimtambua Mwanakheri.

Mwanakheri alikuwa mpishi wa kiraia kwenye kantini ya kambi moja ya jeshi nje ya mji. Jina la kambi nalihifadhi, wenyewe wanajijua. Kazi yake kubwa ilikuwa chai ya saa nne: masufuria mawili ya kubebwa na watu wawili wawili, tangawizi ya kutwanga na maandazi ya kujaza beseni tatu. Mafundi wa karakana ndio waliokuwa wakifika wa mwanzo na mikono yao ya girisi, na Talib alikuwa miongoni mwao. Alipewa chai na mkewe kama askari mwengine yeyote, akasema ahsante, akaenda kukaa na wenzake. Nyumbani kwao, mtaa wa Malindi, ndiko walikoitana majina.

Talib alikuwa koplo, fundi wa magari kwa miaka ishirini na miwili. Kama humjui, nikwambie kitu kimoja tu: hakuwa na haraka katika jambo lolote. Kutia betri kwenye saa ya ukutani kulimchukua tangu adhuhuri mpaka alasiri, kwa sababu lazima kwanza aifungue, aipulize vumbi, aifute na aitazame inavyokwenda. Mama yetu alikuwa akimtania kuwa siku ya kufa kwake malaika atangoja barazani. Neno "pupa" na jina la Talib hayajawahi kukaa kwenye sentensi moja, mpaka jeshi lilipoyakalisha.

Karakana yao ilikuwa na vyuma vinne vya kuegemezea gari likishanyanyuliwa kwa jeki. Bila ya vyuma hivyo fundi hapaswi kuingia chini ya gari. Sasa mkuu wa karakana, Kapteni Masoud, alikuwa anajenga nyumba ya wageni ufukweni Uroa, na akaona vyuma vile vinafaa kushikilia tangi lake la maji kwa muda. Alisema wiki moja. Vilikwenda Novemba, na mwezi wa Machi bado vilikuwa Uroa vimebeba maji ya watalii. Talib aliandika mara mbili kwenye daftari la karakana kwamba vyuma havipo na vinahitajika. Kwa mwandiko wake ule wa polepole, kila herufi imesimama.

Siku ya kumi na saba ya Ramadhani, mwaka 2024, lori la maji la kambi liliharibika breki. Kapteni alipiga simu kutoka Uroa kwamba lori litoke kabla ya adhuhuri. Talib akamkumbusha habari ya vyuma. Kapteni akamwambia atie magogo ya mnazi, amalize. Ni amri, na Talib ni askari. Akatia magogo, akayapima, akayajaribu kwa bega, akaingia. Saa nne na robo gogo moja lilipasuka katikati na lori likamkalia mguu wa kulia.

Mwanakheri alipigiwa simu nyumbani. Mwezi wa Ramadhani kantini hufungwa mchana, na wapishi huingia alasiri kupika futari. Alifika hospitali kabla yangu. Mguu ulikatwa chini ya goti jioni ile ile, na adhana ya magharibi ilitukuta ukumbini tukifuturu kwa maji ya chupa.

Mimi nilitaka damu, nasema kweli. Nilitaka kwenda Uroa nikaliangushe lile tangi kwa mikono yangu. Mwanakheri alikuwa anakunja nguo za Talib zilizochanwa na mkasi, anazikunja vizuri kana kwamba zitavaliwa tena. Nilimchukia kidogo siku ile.

Jeshi lina utaratibu wake mtu akiumia kazini. Huundwa baraza la uchunguzi, mashahidi huandika maelezo na kutia saini, kisha baraza huamua: aliumia kwa sababu ya kazi, au kwa uzembe wake. Kila kitu hufuata neno hilo. Wa kazi hubaki na heshima yake na hutunzwa. Wa uzembe hutolewa, na neno linabaki kwenye jalada lake mpaka kaburini. Watu wawili walikuja wodini, wakamuuliza Talib maswali mawili, wakaandika kwenye karatasi ya pembeni. Aliwaeleza habari ya vyuma na ya alichoandika kwenye daftari. Walimpa pole, wakaondoka.

Karatasi ililetwa nyumbani baada ya Idd. Talib aliisoma kitandani mara moja, akaiweka juu ya mto, akageukia ukutani. Mimi niliichukua nikaisoma kwa sauti, nikitukana kila baada ya mstari. Ilisema kuwa vyuma vilikuwepo karakana, kwamba fundi hakuvitumia kwa pupa yake, na kwamba ameumia kwa uzembe wake mwenyewe. Kapteni Masoud ametia saini kuwa alishuhudia kwa macho yake. Chini yake wametia saini Sajenti Bakar, mtunza ghala wa karakana, na Munir, fundi kijana aliyefundishwa kazi na Talib mwenyewe. Mwisho palikuwa na mstari kwamba muhusika akitaka kukata rufaa, ana siku thelathini.

Wala halikuwa hilo lililoniumiza zaidi. Usiku ule Talib alimuuliza mkewe, nami nasikia, kama kweli huenda alikuwa na haraka siku ile. Mtu aliyekuwa akipuliza vumbi la saa ya ukutani. Siku ya pili akamuuliza tena. Siku ya tatu feni la chumbani lilianza kugonga, nikamletea bisibisi nikidhani litamchangamsha. Alisema bora aitwe fundi, yeye ni mtu wa pupa. Aliyasema kwa upole kama mtu anayetaja umri wake.

Hapo ndipo Mwanakheri alipoichukua ile karatasi na kwenda nayo jikoni. Alikaa nayo muda mrefu. Kisha nikasikia kicheko, na wifi yangu si mtu wa kucheka peke yake. Nilimkuta ameweka kidole kwenye mstari mmoja. Mimi nilikuwa nimeupita mbio kwa hasira. Ulisema: "Tarehe 28 Machi, majira ya saa nne na robo, fundi aliporejea pamoja na wenzake kutoka kunywa chai kantini, aliingia chini ya gari kwa pupa."

"Chai gani hiyo, wifi?" aliniuliza. "Nani kawapikia?"

Tarehe 28 Machi ilikuwa mwezi kumi na saba Ramadhani. Waislamu watatu wametia saini, na bila shaka wote walikuwa wamefunga walipotia, kwamba wao na Talib walikuwa kantini mchana kweupe wanakunywa chai. Na mtu aliyekaa mbele ya karatasi hiyo ndiye mpika chai mwenyewe, na jiko lake siku hiyo lilikuwa baridi.

Nilimwambia twende moja kwa moja kwa mwanasheria. Akasema tutakwenda, siku zipo. Kwanza anataka waione wao. Nikamuuliza waione vipi. "Kama nilivyoiona mie," akasema, "nyumbani kwao, na watu wao wamekaa." Nikagundua kwamba miaka kumi na minane yote nilikuwa simjui mtu huyu.

Tulianza na Sajenti Bakar. Bakar ni mtu wa dini, ndiye aliyekuwa akisalisha tarawehe kwenye msikiti wa kambi, na kipaji chake cha uso kina alama ya kusujudu. Tulikwenda Jumapili, mfungo mosi, mwezi ule wa baada ya Ramadhani, saa nne kamili. Mwanakheri alichukua chupa ya chai na vikombe kwenye kikapu. Tuliwakuta wamekaa ukumbini: Bakar, mkewe, na mama yake mzazi Bi Ulfat, bibi mkubwa anayesikia vizuri kuliko sisi sote. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akamuulizia hali mgonjwa. Mwanakheri akajibu kwa adabu, akatoa kikombe, akamimina chai, akakiweka mbele ya Bakar.

"Ahsante, shemeji," Bakar akasema. "Lakini leo nnafunga sita za sunna."

"Sita unafunga," Mwanakheri akasema, "Ramadhani ukanywa chai?"

Bakar alidhani ni utani na akatabasamu. Mwanakheri akaitoa karatasi, akamwomba mke wa Bakar aisome kwa sauti ili Bi Ulfat asikie. Yule mama wa watu, masikini, akaanza kusoma bila ya kujua anasoma nini. Alipofika kwenye chai alisita. Akaisoma tena tarehe. Akamtazama mumewe.

Mwanakheri hakupandisha sauti hata kidogo. Alisema hakuja kugombana. Anachotaka ni kujua tu, maana saini ni ya Bakar: siku hiyo alikula mchana na wenzake kama hao waitwao makobe, ambalo ni jambo lake na Mola wake, au alikuwa amefunga na akaapa uongo juu ya mtu aliyekatwa mguu? Achague moja. Lolote atakalochagua yeye atalichukua, atalipeleka kwenye baraza na atalipeleka msikitini.

Bi Ulfat akasema, "Mjibu, Bakar."

Nimeona watu wengi wakitolewa jasho, na baadhi yao niliwatoa mimi. Sijaona mtu akinywea kama vile. Kisha akaeleza yote huku anatazama mkeka. Kambini, alisema, ripoti haiandikwi upya. Karani hupewa ripoti ya zamani, akabadilisha jina, tarehe na kiungo kilichoumia. Hii ilitokana na ya mchomeleaji mmoja aliyeungua mkono miaka ya nyuma, mwezi wa Julai, baada ya chai. Kapteni aliichagua mwenyewe, akaiagiza, akaileta ghalani imeshakamilika na kalamu juu yake. Bakar hakuisoma. Munir naye hakuisoma. Walitia saini kwa sababu waliambiwa watie.

"Hukuisoma," Mwanakheri akarudia. Akakusanya vikombe vyake. Mlangoni Bi Ulfat alimshika mkono akamwomba radhi kwa niaba ya mwanawe, na Mwanakheri akamwambia yeye hana kosa, abaki salama. Nyuma yetu tulisikia sauti ya bibi yule ikianza.

Munir hatukumfuata. Habari zilimfikia, akaja mwenyewe Malindi kesho yake, akamlilia Talib miguuni, yaani kwenye ule mmoja uliobaki. Aliandika maelezo mapya palepale juu ya meza ya kulia, na Mwanakheri akamsimamia aandike habari ya vyuma, ya Uroa na ya simu. Bakar naye aliandika ya kwake, na yote tukayapeleka kwa mwanasheria, rufaa ikakatwa kabla ya siku thelathini kwisha.

Kapteni Masoud alipopata fununu ya mambo alimwita Mwanakheri ofisini. Alimwambia kuwa mpishi ni mpishi, na kazi za kiraia kambini hazina mkataba wa milele. Mwanakheri akasema "haya, afande". Wiki ile ile alitolewa kwenye jiko akapelekwa kuosha masufuria nyuma ya kantini, kazi ya wasichana wapya. Aliosha. Akirudi nyumbani vidole vimemkunjamana na sabuni, alikuwa akivitazama na kutabasamu kidogo, na mimi nilikuwa nikiogopa tabasamu lile. Kila sufuria, aliniambia, analisugua kwa jina la Kapteni.

Rufaa ilisikilizwa mwezi wa Julai, chini ya kanali kutoka nje ya kambi, mtu mwembamba mwenye miwani anayesoma kila kitu mara mbili. Mwanasheria aliomba Mwanakheri aitwe kama shahidi wa kantini, na mimi niliruhusiwa kuingia kumsukuma Talib kwenye kiti chake. Mwanakheri aliulizwa habari ya chai ya tarehe 28 Machi. Akaeleza kwamba mwezi mzima kantini haikufunguliwa mchana, na daftari la jiko, kwa saini ya afisa wa kantini, linaonyesha sukari haikutoka ghalani kwa ajili ya chai ya mchana tangu mwezi mosi Ramadhani hadi Idd. Kanali akaisoma ripoti. Akaivua miwani, akaifuta, akaisoma tena.

Kapteni Masoud alisema ni kosa dogo la karani. Kanali akakubali kuwa makarani hukosea. Kisha akaagiza majalada yote ya ajali za karakana yaletwe. Yalikuwemo manne ndani ya miaka sita: mchomeleaji aliyeungua, fundi aliyevunjika vidole, mwengine aliyepofuka jicho, na Talib. Kanali aliyasoma kwa sauti, moja baada ya jengine, bila ya kuongeza neno lake. Wote wanne walikuwa wamerejea kutoka kunywa chai pamoja na wenzao, majira ya saa nne na robo. Wote wanne waliingiwa na pupa. Na wote wanne Kapteni Masoud aliwashuhudia kwa macho yake.

Kanali akamuuliza Kapteni alikuwa wapi tarehe 28 Machi saa nne. Akajibu kwamba alikuwa Uroa.

Sitaki kujificha nyuma ya adabu: nilifurahi. Kapteni alivuliwa ukuu wa karakana siku hiyo, na mwisho wa mwaka akafukuzwa jeshini kabisa. Vyuma vilirudi kutoka Uroa juu ya gari la kambi, na nasikia tangi lililala upande wiki tatu. Majalada ya wale wengine watatu yalifunguliwa upya. Mwanakheri alirudishwa kwenye jiko lake. Na karatasi mpya ya Talib ilikuja na muhuri, inasema ameumia akiwa kazini, kwa kutekeleza amri, bila ya kosa lake.

Nilimsomea mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema alhamdulillahi. Nikamletea bisibisi na lile feni, maana lilikuwa bado linagonga. Akalishika, akaligeuza, akalirudisha mezani. Alisema Kidawa, mpe fundi, mimi naweza kulikosea. Mwanakheri alikuwa amesimama mlangoni akisikia.

Mpaka leo yuko vile. Kabla ya kulala huinuka mara nne tano kwenda na magongo yake kutazama kama gesi imefungwa. Humuuliza mkewe kama kweli imefungwa. Mkewe humjibu kila mara kama ndiyo mara ya mwanzo.

Shaaban iliyofuata, siku mbili kabla ya kuandama mwezi, watu wakiwa wanapita kuombana radhi kama ilivyo kawaida yetu, Masoud alikuja Malindi baada ya sala ya alasiri. Hakuwa kapteni tena. Alivaa kanzu na kofia, amekonda. Bakar na Munir walishakuja zamani na wote wawili walisamehewa, kwa hiyo nadhani alikuja na matumaini. Alikaa ukingoni mwa kiti, akamwambia Talib kwamba alimkosea, kwamba anaingia Ramadhani na mzigo, na anaomba amsamehe kwa ajili ya Mungu.

Talib hakumngojesha. Alisema amemsamehe, mguu umekwenda, Mungu amsamehe na yeye. Masoud akajifuta macho. Akageuka kwa Mwanakheri, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda anachagua mchele.

"Na wewe, Bi Mwanakheri?"

"Talib kakusamehe mguu wake," Mwanakheri akasema, bado anachagua. "Mguu wake, hiari yake. Mie ulinichukulia mtu aliyekuwa akiiamini mikono yake. Huyo hukumrejesha. Hiyo haki yangu, na sikusamehe."

Masoud akavua kofia. Akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye mtu mzima, maradhi anayo, na haki ya mja ikibaki shingoni mpaka akhera hakuna mwengine wa kuifuta ila mwenyewe mja. Akamwomba kwa Mtume. Akamwomba tena. Na mimi niliyeapa nitaangusha tangi, mimi Kidawa wa Darajani, nilijikuta nimemshika wifi yangu bega nikimnong'oneza alegeze, inatosha, mtu ameshadhalilika.

Aliuondoa mkono wangu taratibu.

"N'najua hakuna mwengine wa kuifuta," akamwambia Masoud. "Ndiyo maana nnaiweka. Tutaonana huko."

Masoud aliinuka. Talib alinyoosha mkono kuchukua magongo ili amsindikize mgeni mlangoni, kama alivyolelewa. Mwanakheri akamwambia akae, mgeni anaijua njia.